Mateso si Laana: Fundisho la Huruma ya Mungu kutoka Nchi ya Marambo

Liko swali moja ambalo kila nyumba ya Kikristo hulikuta mlangoni pake siku moja, hata kama haikulialika. Mtoto amekufa kwa homa. Bibi amepooza, na sasa ni mwaka wa tatu hajainuka kitandani. Mvua imekatika siku zile zile mahindi yalipoanza kutoa mbelewele. Baba amerudi kutoka hospitali akijua kwamba ugonjwa wake hauna dawa. Hapo moyo huuliza: Ikiwa Mungu ni mwenye huruma, mbona haya yamenipata mimi? Wachache hulisema swali hili kwa sauti. Walio wengi huona haya, wakidhani kwamba kuuliza ni dhambi. Basi hulificha, nalo huko lilikofichwa huota mizizi ya uchungu.

Juma hili twapenda kulitoa swali hilo nje, tulitazame mchana, na tutalitazama kwa kuifikiri nchi ya Marambo, yaani Nachingwea na Ruangwa, pamoja na misioni zilizo jirani nayo katika bonde la mto Lukuledi. Hatukuichagua nchi hiyo kwa kudhani kwamba watu wake wameteseka kuliko watu wote. Tumeichagua kwa sababu huko vitu vitatu vilikutana mahali pamoja: mateso makubwa, watu waliojitoa kwa maisha ya sala, na huruma iliyoonekana kwa matendo.

MAJI YALIYOAHIDI KINGA

Wamonaki Wabenediktini wa Mtakatifu Ottilia, kutoka Ujerumani, walifungua misioni ya Lukuledi mwaka 1895, na ya Nyangao mwaka uliofuata. Miaka kumi baadaye, mwezi wa Julai 1905, vita vya Maji Maji vilianza katika milima ya Matumbi. Sababu zake zajulikana. Serikali ya Wajerumani iliwalazimisha watu kulima pamba isiyowafaa, iliwatoza kodi, na maakida wake waliwapiga viboko wazee mbele ya watoto wao. Watu walikuwa na haki ya kulalamika. Kinjeketile Ngwale wa Ngarambe akawapa maji, nao wakaamini kwamba kila aliyeyapokea risasi ya adui ingegeuka maji mbele yake.

Vita vikaenea kusini kwa haraka. Tarehe 14 Agosti 1905 Askofu Cassian Spiss aliuawa njiani, huko Mikukuyumbu katika nchi ya Liwale, pamoja na Mabruda wawili, Andreas Scholzen na Gabriel Sonntag, na Masista wawili, Felicitas Hiltner na Cordula Ebert. Kabla mwezi ule haujaisha, misioni za Lukuledi na Nyangao nazo zilishambuliwa na kuteketezwa. Wamisionari wa Nyangao walikimbia, na katika mkimbio ule Sista Walburga Diepolder alipoteza maisha yake.

Lakini tusikomee hapo, maana hao hawakuwa wafu pekee wa vita vile. Jeshi la serikali lilijibu kwa moto. Lilichoma vijiji, likateketeza mashamba na maghala ya chakula, na njaa iliyofuata iliua watu wengi kuliko bunduki. Serikali yenyewe ya Wajerumani ilikiri kwamba Waafrika waliokufa walifika 75,000. Wako wanahistoria wa baadaye waliokisia 250,000, hata zaidi. Wafu hao walikuwa na majina, na wengi wao hawakupata kaburi la kuliliwa. Mkristo anayewakumbuka Askofu Spiss na wenzake kwa sala, akawasahau mama na watoto waliokufa kwa njaa maporini, bado hajajifunza kuona kama Mungu anavyoona.

Sasa, ndugu msomaji, fikiri jambo hili. Maji ya Kinjeketile hayakuweza kuzuia risasi. Je, maji ya Ubatizo yalimkinga Sista Walburga? Hayakumkinga. Wote wawili, mpiganaji wa Kimwera aliyeanguka mbele ya bunduki na sista aliyeanguka porini, waliyapokea maji kwa imani, na wote wawili walikufa. Iko tofauti gani basi? Tofauti imo katika ahadi. Maji ya vita yaliahidi kwamba mtu hataumia. Maji ya Ubatizo hayakuahidi hivyo kamwe. Yaliahidi kwamba mtu ataunganishwa na Yesu Kristo aliyeumia, akafa na kufufuka, na kwamba hakuna porini palipo mbali kiasi cha kumfanya afe peke yake.

Wakristo wengi wa siku hizi, bila kujijua, wameyageuza maji ya Ubatizo kuwa maji ya Kinjeketile. Huenda kanisani kutafuta kinga. Huvaa rozari shingoni kama hirizi. Hutoa sadaka wakiwa na hesabu moyoni: nimempa Mungu, naye hana budi kunilinda. Na siku msiba unapofika, imani yao huanguka, kwa kuwa ilikuwa imesimama juu ya ahadi ambayo Mungu hakuitoa.

KOSA LA KUTAFUTA MWENYE HATIA

Mtu ambaye kinga yake imevunjika hutafuta upesi wa kumlaumu. Wengine hujilaumu wenyewe: Mungu ananilipiza dhambi za ujana wangu. Wengine huwalaumu jirani: shangazi amemloga mtoto. Ni familia ngapi zimevunjika siku ya arobaini ya marehemu, si kwa kifo chenyewe, bali kwa neno lililonong'onwa jikoni kwamba yuko aliyekisababisha! Msiba mmoja umezaa wa pili, na huu wa pili umetengenezwa kwa mikono ya watu.

Bwana wetu alilikata shauri hili waziwazi. Wanafunzi walipomwona kipofu aliyezaliwa hivyo, walimwuliza ni nani aliyetenda dhambi, yeye au wazazi wake. Yesu alikana yote mawili, kisha hakukaa kujadiliana, alimponya. Katika Agano la Kale, rafiki za Ayubu walimshikilia akiri kosa lililomletea mateso, na mwisho wa kitabu kile Mungu aliwakasirikia wao, si Ayubu aliyekuwa akilia na kuuliza. Hapa twajifunza kitu ambacho wengi hawajakifikiri: anayemlilia Mungu kwa uchungu yu karibu na kweli kuliko yule anayemfafanulia mgonjwa kwa nini Mungu amemwadhibu.

Ni kweli kwamba dhambi huleta mateso. Mlevi huwaletea njaa watoto wake, na mwizi huwaliza aliowaibia. Lakini kusema kwamba kila anayeteseka anaadhibiwa ni kumtukana Msulibiwa, ambaye hakuwa na dhambi hata moja. Mateso si laana. Nayo hayakuwa kitu kizuri kwa sababu hiyo. Maumivu ni maumivu, na Mungu hapendezwi nayo. Yesu alilia kaburini pa Lazaro ingawa alijua kwamba atamfufua. Katika bustani ya Getsemani aliomba kikombe kile kimwondokee. Basi mgonjwa anayeomba apone, na mama anayelia machozi juu ya mwanawe, hawajapungukiwa na imani. Wanasali kama Yesu alivyosali.

WATU WA SALA WATAFUTA NINI?

Wako wanaodhani kwamba wamonaki na masista wa ndani walikwenda utawani ili kuyakimbia mateso ya dunia. Kengele hulia, wao huingia kanisani. Dunia nje ikiungua, wao huimba. Dhana hii si kweli, na yafaa tuifahamu sababu yake.

Maisha ya taamuli maana yake ni kumtazama Mungu kwa upendo, katika kimya, bila haraka, kama mtoto anavyomtazama mamaye. Katika Kanuni yake, Mtakatifu Benedikto aliwaagiza wamonaki wake wakusanyike mchana mara saba kusali, na tena usiku, na zaburi zote 150 zimalizike katika juma moja. Sasa, zifungue zaburi hizo uone zilizomo. Ndani yake mna shukrani na sifa, naam. Lakini mna pia kilio cha mgonjwa, malalamiko ya aliyesalitiwa na rafiki, hofu ya anayewindwa na adui, na swali la mtu anayeona kwamba Mungu amemsahau. Mmonaki aliye mzima wa afya na mwenye kushiba huamka usiku na kuazima kinywa chake kwa wote hao. Huenda leo yeye hana la kulilia. Lakini yuko mwenye kilio ambaye hana nguvu ya kusali, na sala ile ni yake. Hivyo asaliye kwa kweli hayakimbii mateso. Huyaendea usiku wakati wengine wamelala.

Katika Kanuni hiyohiyo, sura ya nne, Mtakatifu Benedikto aliorodhesha zana za matendo mema, moja baada ya nyingine, zaidi ya sabini. Aliyeifikia ya mwisho huenda angetazamia jambo kubwa na gumu. Ya mwisho ni hii: kutokuikatia tamaa kamwe huruma ya Mungu. Aliiweka mwisho kwa sababu yeye aliwajua wanadamu. Ziko siku ambapo mtu amepoteza zana nyingine zote mkononi: hawezi kufunga, hawezi kusali vema, hata subira imemwishia. Siku hiyo abaki na hii moja tu, nayo itamtosha.

Mwaka uleule wa 1895, Lukuledi ilipofunguliwa, huko Lisieux nchini Ufaransa msichana wa miaka 22 katika monasteri ya Karmeli alifanya tendo lililo karibu na fundisho hili. Siku hizo watawa wengine walijitoa kuwa sadaka kwa haki ya Mungu, ili adhabu ya wakosefu iwaangukie wao. Teresia wa Mtoto Yesu aliwaheshimu, lakini yeye, tarehe 9 Juni, alijitoa kwa Upendo wenye Huruma. Hakumwona Mungu kama mdai anayetaka alipwe kwa maumivu, bali kama Baba aliye na huruma tele isiyopata pa kumwagika, kwa kuwa watu hawaipokei. Muda mfupi baadaye kifua kikuu kilimshika. Mwezi baada ya mwezi aliteseka mwilini, na rohoni aliingia giza zito, hata mbingu aliyoipenda ikawa kwake kama ukuta. Hakuacha kuamini, wala hakuacha kuwaombea wamisionari. Alikufa tarehe 30 Septemba 1897, akiwa na miaka 24. Mwaka 1927 Baba Mtakatifu Pius XI alimtangaza msimamizi wa misioni zote pamoja na Mtakatifu Fransisko Ksaveri, ingawa hakupata kukanyaga nchi ya misioni hata siku moja.

Hilo ndilo fundisho kuu la leo. Mateso hayanunui huruma ya Mungu. Huruma ilitangulia, ilikuwako kabla hatujaumia, na itakuwako tukisha kupona au kufa. Yale tunayoyaita kutolea mateso si malipo. Ni kuufungua mkono uliokunjwa kwa maumivu, ili huruma iingie kwetu na kupita hata kuwafikia wengine.

HURUMA YENYE MIKONO

Twajuaje kama sala ya mtu ni ya kweli? Tutazame aondokapo kanisani aelekea wapi. Kanuni ya Mtakatifu Benedikto yaagiza kwamba wagonjwa watunzwe kabla ya mambo mengine yote, wahudumiwe kama Kristo mwenyewe.

Vita vilipokwisha, Wabenediktini walirudi. Mwaka 1906 walianza misioni ya Ndanda, chini ya uwanda wa Makonde, kati ya watu waliokuwa wamezika wengi kupita hesabu. Tusiwafanye kuwa malaika: serikali iliyochoma mashamba ilikuwa ya taifa lao, na machungu ya watu juu ya jambo hilo yalikuwa ya haki. Hata hivyo walirudi katika nchi iliyowaua ndugu zao, wala hawakuja kulipiza. Ndanda ikawa abasia, na ubavuni mwa kanisa la abasia ikakua Hospitali ya Mtakatifu Benedikto. Karibu yake, huko Mwena, wagonjwa wa ukoma, ambao watu waliwakimbia wakidhani wamelaaniwa, walipata makao na mikono ya kuwafunga vidonda. Na huko Nyangao, alikokuwa akiishi Sista Walburga, leo iko hospitali yenye jina la Mtakatifu Walburga, mtawa wa karne ya nane ambaye sista yule alipewa jina lake. Mahali misioni ilipoteketea, wajukuu wa watu wa vita vile wamezaliwa katika vitanda safi.

Kanisa nalo liliendelea kukua. Mwaka 1963 Nachingwea ilifanywa jimbo, ambalo tangu mwaka 1986 laitwa Jimbo la Lindi. Tukiyaona hayo tusiseme kwamba vita vilikuwa vizuri kwa sababu mema yalifuata. Uovu unabaki uovu. Tuseme hivi tu: uovu haukupewa neno la mwisho.

Hapa yatupasa kuonya juu ya kosa jingine, ambalo mara nyingi hufanywa na watu wa dini. Ni kosa la kumwambia anayeteseka, “Huo ni msalaba wako, vumilia,” wakati msalaba ule ungeweza kuondolewa leo. Mke anayepigwa na mumewe asiambiwe kwamba kipigo ni njia ya utakatifu. Mume ndiye aambiwe aache, na mke apate ulinzi. Mtoto mwenye homa hapelekwi kwanza kuombewa halafu hospitali kesho. Apelekwe hospitali huku akiombewa njiani. Mkulima aliyepunjwa bei ya korosho au ufuta wake hahitaji hotuba ya subira, ahitaji haki. Simoni wa Kirene hakusimama kando akamhubiria Yesu uvumilivu. Aliingia chini ya mti ule, akaubeba.

Baba Mtakatifu Yohane Paulo II, aliyepigwa risasi mwaka 1981, akamtembelea gerezani aliyempiga mwaka 1983, aliandika barua juu ya mateso tarehe 11 Februari 1984. Humo alifundisha kwamba Kristo amemwonyesha mtu mambo mawili kwa pamoja: kutenda mema kwa njia ya mateso yake mwenyewe, na kumtendea mema kila anayeteseka. Yasitenganishwe. Neno la kwanza ni la kujiambia mimi ninapoumia. La pili ni la kufanya jirani anapoumia. Tunapoyageuza, tukajihurumia wenyewe na kumhubiria mwenzetu, tumeigeuza Injili juu chini.

TUFANYE NINI NYUMBANI?

Kwanza, mwenye mateso na asali kwa maneno ya kweli. Usimwambie Mungu kwamba wafurahi ikiwa walia. Mweleze kama ulivyo, na ukikosa maneno, chukua zaburi, au shika msalaba mkononi na kuutazama kimya kwa dakika chache. Hiyo nayo ni taamuli, na mgonjwa kitandani aweza kuifanya sawasawa na mmonaki katika kiti chake cha kwaya.

Pili, aliye mzima na ampe mgonjwa kazi ya sala. Watoto wapelekwe kwa babu aliyelala wakamwambie: Babu, kesho tuna mtihani, tuombee. Mgonjwa wengi huumizwa na ugonjwa, lakini huumizwa zaidi na kujiona hana faida tena. Mwambieni kwamba nyumba yaegemea sala yake, kwa maana ndivyo ilivyo.

Tatu, katika msiba ndimi zifungwe. Asitafutwe mchawi, wala asitafutwe mkosefu. Atafutwe mwenye njaa kati ya wafiwa, na mwenye deni la jeneza, na mjane atakayenyang'anywa shamba.

Nne, mwezi wa Novemba, tunapowaombea marehemu, tuwakumbuke wafu wa mwaka 1905 na wa miaka ya njaa iliyofuata: waliouawa na wapiganaji, na wapiganaji wenyewe, na wale wasiohesabiwa. Mbele ya Mungu hawana tena pande mbili. Wote wamehitaji huruma ileile tunayoihitaji sisi.

Ndugu Wakristo, hatukupewa jibu la kwa nini huyu ameugua na yule hakuugua. Tumepewa Mtu aliyetundikwa msalabani, na tumeamriwa kumtazama yeye, kisha kumtazama jirani. Anayefanya yote mawili kila siku hataepukana na machozi. Ila hatalia peke yake, wala hatamwacha mwingine alie peke yake.

Maswali ya kuzungumzia nyumbani:

1. Je, sala zetu ni za kumtafuta Mungu, au ni za kutafuta kinga tu?
2. Yuko nani katika kijiji chetu ambaye watu humwona kuwa amelaaniwa? Nani wetu atamtembelea juma hili?
3. Ni mateso gani nyumbani mwetu tunayoyaita msalaba, nasi twaweza kuyaondoa?
4. Mgonjwa wetu amepewa kazi gani ya sala?